Mtoto Bonge, Chai ya Mkandaa na Malaria Kali: Tunajibu Maswali Yenu

Masika yakishapita, barua za malaria huongezeka. Safari hii zilizotoka Lamu na Malindi zimekuja na jambo ambalo hatukulizoea: wengi wanauliza kuhusu unene, kufunga na homoni, kwa kuwa wamesikia kwamba mafuta ya mwili yana mkono katika malaria kali. Habari hiyo ina ukweli, lakini imechanganyika na mambo yanayoweza kumdhuru mtu, hasa mtoto. Tumechagua barua nane na kuzifupisha.

Mwanangu ana miaka sita na kilo 27, bonge kweli. Mwezi uliopita malaria ilimpanda kichwani, akashikwa na degedege, tukalazwa siku nne. Mtoto wa jirani, mwembamba kama ufito, aliumwa wiki hiyo hiyo na alipata homa tu. Mamangu husema mtoto mwenye nyama haogopi homa. Imekuwaje? – Mama Swaleh, Langoni, Lamu

Pole sana Mama Swaleh, na alhamdulillahi mtoto amerudi nyumbani. Maneno ya mamako yana asili yake. Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo akipata malaria huchelewa kuinuka, na wengine hawainuki. Lakini si kweli kwamba nyama na mafuta ni ngao ya kuzuia malaria.

Mafuta ya mwilini si gunia lililowekwa stoo likasahauliwa. Yanafanya kazi mchana na usiku, na moja ya kazi zake ni kutoa homoni. Inayojulikana zaidi ni leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mafuta yakizidi mwilini, leptini nayo huzidi katika damu. Kazi yake ya kwanza ni kuupasha ubongo habari kwamba akiba ipo, njaa ipungue. Ila seli za kinga nazo zinaisikia. Leptini ikiwa nyingi, askari hawa wa mwili huwa wepesi wa hasira: wanazaana upesi na kumwaga kemikali zinazoleta uvimbe. Hasira hiyo huua vimelea, lakini ikipita kiasi humuumiza mgonjwa mwenyewe, na mishipa myembamba ya ubongo ndiyo inayoteseka zaidi.

Kuna na jambo la pili. Kimelea cha *Plasmodium falciparum* hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu kwa muda wa saa 48 hivi. Katika nusu ya pili ya muda huo, chembe ile huota vifundo vidogo juu ya ngozi yake na kung'ang'ania kuta za mishipa, isije ikapita kwenye wengu ikaharibiwa. Mojawapo ya vishikio vyake ni protini inayoitwa CD36, na mishipa iliyo ndani ya mafuta inayo. Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi waliwaambukiza panya vimelea vilivyotengenezwa vitoe mwanga, wakauona mwanga huo umekusanyika kwenye mapafu na kwenye mafuta. Ndiyo maana tone la damu ya kidoleni halisemi yote. Hadubini huonyesha zaidi vimelea vichanga vinavyozunguka, na vile vilivyokomaa vimejificha.

Kwa binadamu, ushahidi ulio wazi zaidi ni wa watu wazima. Sweden ilipitia rekodi za wagonjwa zaidi ya 900 wa falciparum wa kati ya 1995 na 2015, na matokeo yakachapishwa 2017: wenye unene uliokithiri na wenye kisukari walipata malaria kali mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Hata hivyo hatutakuambia kwamba unene ndio uliomlaza mwanao. Kwa watoto wa Pwani yapo mambo yenye uzito mkubwa zaidi: mtoto ameshaumwa mara ngapi huko nyuma, saa ngapi zilipita kabla ya dawa ya kwanza, na damu aliyorithi. Mtoto aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, amekingwa sana na malaria kali, na pengine wa jirani ni mmoja wao bila wazazi kujua. Kwa hiyo usianze kumkondesha mwanao. Siku nyingine mpime joto mapema. Mkiona hajitambui vizuri, au anapumua kwa kina na kwa taabu kama aliyetoka mbio, msingoje kuche. Utafiti uliofanywa Kilifi kwa watoto 1,844 na kuchapishwa 1995 ulionyesha kwamba dalili hizo mbili ndizo zinazoashiria kifo kuliko nyingine zote.

Nimesoma kwamba panya walionyimwa chakula hawakupata malaria ya ubongo. Nikimpunguzia mtoto chakula akiwa na homa, si nitakuwa nimemkinga? Hapa kwetu wapo wazee wanaosema homa haitaki kula. – Baba wa wawili, Maweni, Malindi

Usifanye hivyo, ndugu yetu. Tunakusihi.

Ulichosoma kipo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walieleza kwamba panya waliopunguziwa chakula walitoa leptini kidogo, seli zao za kinga zikapoa, na wengi wakaokoka na ugonjwa wa ubongo. Kuizuia leptini kwa dawa kulileta matokeo yayo hayo. Ni elimu muhimu, kwa sababu inaonyesha mlango ambao siku moja dawa inaweza kupitia. Lakini panya si mtoto, na kimelea chao si chetu. Chao ni *Plasmodium berghei*. Ubongo wa panya hudhuriwa zaidi na seli za kinga zinazojazana kwenye mishipa. Ubongo wa mtoto wa Afrika hudhuriwa zaidi na chembe nyekundu zenye vimelea zinazoganda humo, kisha ubongo unavimba. Picha za MRI zilizopigwa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa 2015 ziliwaonyesha watoto waliofariki wakiwa na ubongo uliovimba sana.

Kinachomuua mtoto mwenye njaa ni sukari kushuka. Vimelea hula glukosi kwa pupa. Ini, ambalo kazi yake ni kutengeneza glukosi wakati hakuna chakula, linalemewa. Akiba ya ini la mtoto mdogo ni ndogo, na asiyekula tangu jana magharibi huenda asubuhi hana kitu. Wala mtoto mnene hajasalimika hapo: mwili hauwezi kugeuza mafuta kuwa glukosi kwa kiasi cha kumtosha. Sukari ikishuka chini ya 2.2 (milimoli kwa lita) kwenye mashine, hiyo peke yake inatosha kuiita malaria kali.

Mtoto mwenye homa anayeweza kumeza apewe kidogo kidogo kila saa: uji wenye sukari, maziwa, maji ya dafu, na anayenyonya aendelee kunyonya. Aliyezimia asimiminiwe kitu chochote mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu. Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari ya kawaida, idondoshee maji tone moja au mawili ilowe tu isiwe sharubati, uiweke chini ya ulimi wake. Rudia kila dakika 10 hadi 20 mpaka mfike hospitali. Ngozi ya chini ya ulimi hunyonya sukari yenyewe. Kosa la kawaida ni kuitia maji mengi: mtoto huimeza au humpalia, na sukari haikai mahali pake. Kwa mtu anayesafiri kwa boti kutoka Kizingitini au Faza kwenda hospitali ya King Fahd, karatasi ya sukari na kijiko mfukoni ni vitu vya kubeba kabla ya nguo. Akifika, atapewa dripu ya glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 hupata mililita 60.

Kwa nini vijana waliobalehe hawashikwi sana na malaria kama wadogo zao, na wote wamelelewa nyumba moja? – Mwalimu, Gede

Sehemu kubwa ni mazoea ya mwili: miaka mingi ya kuumwa hujenga kinga, ingawa haifungi mlango kabisa. Lakini balehe yenyewe ina mchango. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa magharibi mwa Kenya ulioonyesha kwamba vijana wa kiume wenye kiwango kikubwa cha homoni ya DHEA, ambayo tezi za juu ya figo huanza kuitoa kwa wingi wakati wa kubalehe, walikuwa na vimelea vichache, hata umri ulipozingatiwa. Kijana aliyekulia Nairobi akaja likizo Gede asitegemee homoni. Kinga ya mazoea hana, na alale ndani ya neti kama mtoto mchanga.

Ramadhani iliyopita nilipewa dawa ya AL. Nilimeza vidonge vinne wakati wa daku na vinne baada ya kufungua kinywa, kwa siku tatu, nikiteremshia kwa chai ya mkandaa (chai kavu) na tende mbili. Homa ilipoa, lakini wiki ya tatu ilirudi. Dawa ilikuwa feki? – M.A., Shela, Lamu

Huenda dawa ilikuwa nzima kabisa, na kilichokosekana kilikuwa mafuta. Suala hili tunalipa nafasi kubwa, kwa sababu ndilo linaloharibika sana majumbani na ndilo rahisi zaidi kulirekebisha.

Kidonge cha AL kina dawa mbili. Atemetha hufanya kazi ya haraka: ndani ya siku moja au mbili inapunguza vimelea na homa inatulia. Lumefantrini ndiyo inayobaki mwilini siku nyingi ikisafisha masalia. Sasa, lumefantrini haiyeyuki katika maji; inayeyuka katika mafuta. Ukiimeza tumbo likiwa halina mafuta, sehemu kubwa hupita na kutoka chooni kama ilivyoingia. Mlo wenye mafuta mengi unaweza kuongeza kiasi kinachoingia kwenye damu mara 16 ukilinganisha na tumbo tupu. Mtu aliyemeza bila mafuta huona nafuu siku ya pili, kwa sababu atemetha imefanya kazi yake, akadhani amepona. Vimelea vilivyosalia huchukua wiki mbili tatu kuzaana upya, ndipo homa inaporudi na dawa inaitwa feki.

Habari njema ni kwamba mafuta yanayotakiwa ni kidogo. Watafiti walipima kwa maziwa ya soya wakaona kwamba gramu 1.2 tu za mafuta, zilizomo katika mililita 36 za maziwa hayo, zinakaribia kutosha. Huhitaji kukaanga kuku. Glasi ya maziwa yasiyotolewa krimu ina gramu 7 au 8. Kijiko kimoja cha mezani cha tui la kwanza, lile zito, kina gramu 3 hivi. Mbaazi za nazi, mahamri mawili, yai, samaki wa kupaka, kunde zilizoungwa kwa tui: chochote katika hivyo kinatosha. Chai ya mkandaa, kahawa tungu, tende, maji ya dafu na uji mtupu havina mafuta ya kutosha. Kwa mgonjwa asiyetaka kuona chakula, koroga vijiko viwili vya tui zito ndani ya uji wa moto, mpe nusu kikombe, kisha vidonge. Mtoto anayenyonya anyonye kwanza; maziwa ya mama yana mafuta.

Jambo la pili ni saa. Dozi ni sita. Ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, halafu zinazofuata ni asubuhi na jioni. Ukianza Jumamosi saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Jumapili ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Jumatatu vivyo hivyo. Kati ya daku na magharibi ni zaidi ya saa kumi na tatu, kwa hiyo ile ya pili ilichelewa. Ukitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi nzima, na urudi kituoni ukachukue vidonge vya kufidia ulivyotumia.

Kuhusu saumu, mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Ni aya ya 185 ya Suratul Baqara na haina utata. Siku tatu za AL ni siku za kula.

Na homa iliyorudi? Nenda ukapimwe, usinunue tena AL kwa kubahatisha. Ikithibitika kuwa malaria imerudi ndani ya siku 28, huenda ukapewa dawa nyingine ya malaria, DHA na piperakwini, inayomezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu. Hapo ugeuze mwenendo. Hiyo haitakiwi kumezwa na mlo wa mafuta, kwa sababu mafuta huipandisha katika damu kupita kiasi na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Imezwe kwa maji, saa tatu baada ya kula, na usile kwa saa tatu nyingine.

Mke wangu ana kilo 92. Alipozidiwa, kituo kimoja cha afya kilimchoma chupa mbili za atesuneti kila mara, nikaambiwa mtu mzima ni chupa mbili. Baadaye hospitali kubwa walimwongezea. Nani alikosea? – Bw. S., Barani, Malindi

Hospitali ilikuwa sahihi. Atesuneti, sindano ya malaria kali, hupigiwa hesabu kwa kilo: miligramu 2.4 kwa kila kilo. Chupa moja ina miligramu 60. "Mtu mzima chupa mbili" ni hesabu ya mtu wa kilo 50, ambaye hupata 120 kamili, ikakaririwa kana kwamba watu wote wana kilo 50. Mkeo alihitaji miligramu 221, yaani chupa nne zifunguliwe. Kwa chupa mbili alipata 1.3 kwa kilo, karibu nusu ya haki yake. Mtu mnene ana damu nyingi na maji mengi mwilini ya kusambaza dawa, na kumkadiria kwa macho ni kumwacha na vimelea vilivyojeruhiwa tu.

Kwa wauguzi wanaotusoma, huchanganywa hivi. Poda ya chupa moja hutiwa mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo, inatikiswa dakika mbili au tatu mpaka iwe angavu kabisa. Ikibaki na ukungu au vipande, itupwe. Kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi au glukosi ya asilimia 5 kwa sindano ya mshipa, ambapo kila mililita inakuwa na miligramu 10. Kwa sindano ya paja huongezwa mililita 2, na kila mililita inakuwa na 20. Maji matupu ya sindano yasitumike. Kwa mama huyu ni mililita 22 mshipani, zisukumwe pole pole, mililita 3 hadi 4 kwa dakika. Dawa iliyokwisha kuchanganywa itumike ndani ya saa moja. Sindano ni ya kwanza, ya pili saa 12 baada yake, ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza, halafu kila siku mpaka aweze kumeza. Hata akizinduka mapema zisipungue tatu, na baada yake amalize AL siku tatu.

Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, si 2.4. Mwenye kilo 14 ni miligramu 42, sawa na mililita 4.2 mshipani. Mwana wa Mama Swaleh wa kilo 27 anahesabiwa kwa 2.4, anapata 65. Hata vidonge vya AL hufuata mizani: kilo 15 hadi chini ya 25 ni viwili kila dozi, 25 hadi chini ya 35 ni vitatu, 35 na kuendelea ni vinne. Ukienda zahanati na mtoto akakadiriwa dozi kwa umri, omba kwa upole apimwe uzito.

Tena, Bw. S., baada ya atesuneti chembe nyekundu huweza kuvunjika wiki ya pili au ya tatu, mgonjwa akiwa nyumbani ameshasahau. Arudi kupimwa damu kila wiki kwa wiki nne. Akiona mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, macho ya manjano, au anahema kwa kupanda ngazi, aende siku hiyo hiyo.

Nina mimba ya kwanza, miezi minne. Ni kweli homoni za mimba huvuta malaria? Na baada ya kujifungua hatari inakwisha? – Bi. Mtarajiwa, Mambrui

Homoni zinachangia, ila mwenye makosa makubwa ni kondo la nyuma. Mimba huongeza kotisoli, homoni inayotuliza kinga ya mwili, na utulivu huo unahitajika ili mwili usimkatae mtoto. Wakati huo huo kondo ni pango jipya: chembe zenye vimelea hushika sukari fulani iliyomo humo, ambayo mishipa mingine haiitoi kwa namna hiyo. Kinga uliyoijenga tangu utotoni haijawahi kukutana na vimelea vya aina hii, ndiyo maana mimba ya kwanza huathirika zaidi kuliko ya tatu. Unaweza kutembea huna homa, kipimo cha kidole kinasema huna kitu, na kondo limejaa. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo, mama damu imepungua.

Kwa hiyo usikose SP kliniki, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. Huanza wiki ya 13, vidonge vitatu kwa mpigo mbele ya nesi, hata tumbo likiwa tupu, na kurudiwa kila baada ya mwezi hadi kujifungua. Angalia foliki, vitamini ya kuongeza damu: ile ya miligramu 0.4 iliyo pamoja na madini ya chuma haina neno, lakini ya miligramu 5 huinyima SP nguvu. Mama anayetumia septrini kila siku kwa ajili ya VVU asipewe SP. Zote mbili ni za ukoo mmoja na zinaweza kumdhuru.

Ukishikwa na malaria kali, kataa mazoea ya zamani ya kwinini iwapo atesuneti ipo. Kwinini husukuma kongosho itoe insulini, na mama mjamzito sukari yake huporomoka ghafla. Anaonekana amelala kumbe anazimia.

Na la, hatari haikwishi siku ya kujifungua. Utafiti wa Senegal uliochapishwa 2000 uliona mama huendelea kuwa mwepesi wa kuambukizwa kwa siku 60 hivi baada ya uzazi. Arobaini yako yote, na wiki tatu zaidi, wewe na mtoto mlale ndani ya neti.

Nina kisukari, natumia metifomini na glibenklamidi. Malaria yangu inatofautiana na ya wengine? – Mzee wa Matondoni

Shikamoo mzee. Inatofautiana kidogo. Utafiti wa Kumasi, Ghana, wa 2010 uliona wenye kisukari cha ukubwani walikuwa na uwezekano wa kukutwa na vimelea uliozidi kwa asilimia 46. Homa pia huleta kotisoli na adrenalini, zinazopandisha sukari siku ya kwanza. Ukiacha kula, glibenklamidi iliyoko mwilini huishusha siku ya pili. Pima kila saa nne ukiwa na homa. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Ukiwa huli, piga simu kliniki wakuelekeze kuhusu glibenklamidi kabla ya kuimeza. Ukilazwa kwa malaria kali, mwambie daktari mapema kwamba unatumia metifomini, kwa maana malaria kali huleta asidi katika damu na metifomini inaweza kuiongeza. Kwa kawaida husimamishwa. Mwenye kujichoma insulini tangu utotoni asiiache kabisa hata kama hali. Kipimo hupunguzwa, hakifutwi.

Mwanangu ametoka kuugua malaria, damu ni 8. Nimempa sharubati ya madini ya chuma siku ile ile ili damu irudi. Jirani anasema nimekosea. – Mama wa pacha, Faza

Nia ni njema, wakati ndio haukufaa. Ini hutoa homoni inayoitwa hepsidini, nayo ndiyo bawabu wa chuma mwilini. Mwili ukiwa na vimelea, hepsidini hupanda na kufunga mlango wa utumbo, ili vimelea visipate chuma. Sharubati uliyompa siku ile ilipita tu, pengine ikamletea kinyesi cheusi na tumbo la kuuma.

Kisiwa cha jirani, Pemba, kilitoa somo kubwa katika jambo hili. Utafiti wa huko uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na foliki kila siku bila kupimwa walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Ila katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, malaria ikatibiwa mapema, wale waliopungukiwa chuma kweli walinufaika. Kwa hiyo chuma si adui. Kinataka kipimo, na matibabu ya malaria yawe karibu.

Simamisha sharubati kwanza. Amalize AL na uji wenye tui, homa iishe, kisha umpeleke zahanati na kadi yake apimwe damu tena na upangiwe tarehe ya kuanza chuma na kiasi kwa kilo. Kwa sasa mpe dagaa, maini, kunde na mchicha pamoja na ndimu au chungwa. Chai usimpe na chakula, kwa sababu inazuia chuma cha kwenye mboga kisiingie. Akianza kupauka viganja au kuhema akiwa amekaa, usingoje tarehe.